Kompyuta Nayo Ina Jina Lake

Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walikuwa na kompyuta mbili walizozipa majina ya wanamieleka wa sumo. Moja iliitwa akebono, nyingine konishiki. Wanamieleka hao walikuwa majabali kwelikweli, wote wazaliwa wa Hawaii waliokwenda Japani kushindana katika mchezo ambao Wajapani wanauenzi kuliko michezo mingi. Konishiki alifikia daraja la ozeki mwaka 1987, na mwaka 1993 Akebono akawa mzaliwa wa nje wa kwanza kupanda hadi yokozuna, daraja la juu kabisa. Ndani ya akebono vijana wale wakaanza kuweka orodha ya kurasa za wavuti walizozipenda. Orodha ikanenepa, watu wa mbali wakaanza kuifuata, na kwa muda anwani ya kile kilichokuja kuwa Yahoo ilianza kwa jina la mwanamieleka: akebono.stanford.edu. Programu ya kutafutia ilikaa ndani ya konishiki.

Majina mengi ya kompyuta huzaliwa hivyo, bila kikao. Mtu ameketi mbele ya skrini, programu ya kusimika mfumo inamwuliza mashine hii itaitwaje, naye ana haraka ya kuendelea na kazi. Anaandika linalomjia kichwani. Asipoandika kitu, mfumo unampachikia jina wenyewe. Windows 10, kwa mfano, huweka neno DESKTOP, kistari, kisha mchanganyiko wa herufi na tarakimu saba usio na maana yoyote.

Mwenye kompyuta moja hadhuriki na jina la namna hiyo. Lakini nyumba zenye mashine kadhaa zimekuwa nyingi, Dar es Salaam na Nairobi kama kwingineko. Kipakatalishi cha zamani kilichopasuka kioo kimegeuzwa seva ya filamu na picha za familia. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, isiyozidi kiganja, inachuja matangazo kabla hayajafika kwenye simu za watoto. Kisanduku chenye diski mbili kinahifadhi nakala za akiba. Kuna kompyuta ya mama ya kazini, ya watoto ya shuleni, printa, ruta. Siku kimojawapo kikigoma na mwenye kuvijua yuko safarini, anampigia kijana wa nyumbani simu amwelekeze kipi kizimwe na kuwashwa tena. Hapo ndipo jina linapoonekana kuwa chombo cha kazi, sawa na bisibisi. Kijana hawezi kutafuta DESKTOP na tarakimu zake katika giza la kabati chini ya televisheni, lakini akiambiwa azime Mawenzi na asiguse Kibo, ataelewa.

Kompyuta zenyewe hazihitaji majina. Zinajuana kwa namba, 192.168.1.17 na jamaa zake, na hiyo inazitosha. Jina ni la watu. ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ulipokuwa unakua katika miaka ya 1970, majina na namba zake vilitunzwa mahali pamoja: ofisi ya taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, chini ya Elizabeth Feinler, ambaye wenzake walimwita Jake. Aliyetaka kuunganisha mashine mpya aliwasiliana na ofisi hiyo, jina likaandikwa katika faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, na kompyuta nyingine zikalinakili. Jina likishachukuliwa, limechukuliwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa, DNS, na mkwamo huo ukaondoka. Kila taasisi ikapata uwanja wake, na kama vile Juma wa Tandale asivyomzuia Juma wa Kisauni kuitwa Juma, akebono wa Stanford hakumzuia akebono wa chuo kingine.

Masharti ya uandishi yalibaki machache. Hati ya RFC 952 ya mwaka 1985, mojawapo ya hati za mfululizo wa RFC unaoeleza kanuni na desturi za intaneti, iliruhusu herufi za Kilatini, tarakimu na kistari, jina lisizidi alama 24, na lianze kwa herufi. Mwaka 1989 RFC 1123 ikaruhusu jina kuanza hata kwa tarakimu. DNS inakubali hadi alama 63 kati ya nukta na nukta, ila mtandao wa zamani wa Windows huishia alama 15, hivyo anayetaka amani asivuke hapo. Nafasi haikubaliki, mstari wa chini haukubaliki, na mashine haitofautishi herufi kubwa na ndogo.

Ndani ya masharti hayo watu walijenga ulimwengu mzima. Kompyuta za VAX zilipoenea vyuoni, nyingi zilibeba neno hilo ndani ya majina yao: ucbvax ya Berkeley, decvax ya DEC, kampuni iliyoziunda, mcvax ya Amsterdam. Tarehe 1 Aprili 1984, Piet Beertema, mtaalamu wa huko Amsterdam, alituma kwenye mtandao wa Usenet ujumbe uliojidai kutoka kwa Konstantin Chernenko, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, na mashine iliyoutuma ikajitambulisha kuwa kremvax, yaani VAX ya Kremlin. Ulikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga, na wapo walioumeza mzima. Miaka michache baadaye wataalamu wa kundi la Demos huko Moscow walipofanikiwa kweli kujiunga na mtandao wa nje, waliipa mashine yao mojawapo jina hilohilo. Jina lililobuniwa kwa utani likapata mwili, na mwezi Agosti 1991, vifaru vilipoingia Moscow kujaribu kumpindua Gorbachev, mtandao wa Demos uliendelea kupitisha habari.

Mtu aliyelitafakari jambo hili kwa makini kuliko wengine ni Don Libes wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Agosti 1990 alitoa RFC 1178, hati fupi ya ushauri kuhusu kuchagua jina la kompyuta. Ni miongoni mwa hati chache za kiufundi za enzi hizo ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzisoma kwa raha hadi mwisho, na ushauri wake haujachuja, kwa sababu Libes hakuandika kuhusu vyuma. Aliandika kuhusu watu wanavyosahau, wanavyosikia vibaya na wanavyobadili mipango.

Kisa chake chenye uzito zaidi ni cha mashine iliyoitwa shop. Iliitwa hivyo kwa kuwa ingeongoza mitambo katika karakana ya kiwanda. Baadaye ikaja mashine ya pili kusaidia kazi ileile. Nayo iitweje, wakati jina la karakana limekwisha kushikwa? Mwaka mmoja baadaye zikaongezwa tano nyingine, na ile ya kwanza ikahamishiwa kazi isiyohusiana na karakana hata kidogo, huku bado ikiitwa shop. Libes anafikia uamuzi kwamba jina linalotokana na kazi halidumu, kwa kuwa kazi ndiyo hubadilika kwanza. Mwenye seva ya nyumbani ataliona hili mapema. Anaiita filamu kwa sababu inahifadhi filamu. Mwaka haujaisha inahifadhi pia picha za harusi, mafaili ya kodi na kamera ya getini, na jina limekuwa uongo unaorudiwa kila siku.

Libes anakataza pia mtu kuipa mashine jina lake mwenyewe, hata kama iko juu ya meza yake. Mashine ya Hamisi inapokwenda kwa Rehema, jina hugeuka mtego. Barua zinapotea, na anayesema “ingia kwa Hamisi” haijulikani anakusudia mtu au chuma. Anakataza majina ya matusi na kejeli. Anaonya dhidi ya maneno ambayo tayari yana kazi katika mazungumzo ya mafundi, akitaja mashine iliyoitwa up, neno ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia kusema kwamba mashine inafanya kazi; mazungumzo kuihusu yakawa fumbo. Na anakumbuka mashine yao iliyoitwa czek, ambayo walioisikia walidhani imetajwa check.

Mashauri haya mawili ya mwisho yanastahili kupimwa kwa masikio ya Mswahili, maana hapa lugha inatoa neema na mitego yake yenyewe. Neema ni kwamba Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtu akisema kolekole kwenye simu yenye kelele, upande wa pili hauhitaji kutajiwa herufi moja moja. Mwingereza hana anasa hiyo. Kiswahili sanifu hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo karibu neno lolote linaingia kwenye mfumo bila kukatwa kiungo. Isipokuwa ritifaa. Anayetaka mashine yake iitwe Ng'ambo au Ng'ombe atalazimika kuiacha ritifaa, na hapo jina linapoteza sauti yake. Ni heri kuchagua jingine.

Mitego mingine inatokana na jinsi watu wanavyotamka. Palipo na wasemaji wanaobadilishana r na l, seva iitwayo lulu itaandikwa ruru na mtu ambaye hakukosea kwa masikio yake. Dh ya dhahabu hugeuka z kwa wengi, na th ya thamani hugeuka s. Iliki nayo huandikwa hiliki, na binzari huandikwa bizari. Zote ziko sahihi, na ndilo tatizo. Katika nyumba au ofisi yenye watu wa pwani na wa bara, wa Kisumu na wa Kigoma, jina jema ni lile ambalo wote watalitamka na kuliandika namna moja bila kuulizana. Kibo linafaulu mtihani huo. Mafia linafaulu pia. Dhiraa linashindwa.

Kisha kuna maneno yenye kazi mbili. Samaki wa Bahari ya Hindi wanatoa orodha nzuri ya majina mafupi: changu, tasi, chewa, nguru, pono, jodari, papa, kibua. Kwenye Ziwa Victoria kuna sato na sangara, Tanganyika kuna migebuka. Fundi anaweza kununua mashine kila mwaka kwa miaka 20 asiishiwe. Lakini mtu akiipa seva yake jina la taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, siku atakapotuma ujumbe kwamba taa imezimika, wa nyumbani watatazama dari. Na changu, samaki mtamu kuliko wote, ataleta mashaka kila inapotajwa kompyuta yake na changu. Hii ndiyo up ya Kiswahili. Orodha ya samaki inafaa, ila ichambuliwe kabla ya kutumiwa.

Libes anapendekeza kuchagua mada na kubaki ndani yake, na ubora wa mada unapimwa kwa ukubwa. Sayari zimewavutia watu wengi kwa miaka mingi, lakini ziko nane tu, na katika Kiswahili hata hizo nane si majina yanayojulikana sana: Zuhura na Mirihi wengi wanazo, Mshtarii na Zohali wachache, na sayari iliyo karibu zaidi na jua wengine huiita Utaridi, wengine Zebaki. Pepo za pwani, kaskazi na kusi na matlai, ni majina yenye historia ya majahazi ndani yake, ila yataisha kabla seva ya sita haijafika. Viungo vya Unguja vinachukua muda zaidi. Visiwa ndiyo hazina: Unguja, Pemba, Mafia, Tumbatu, Chumbe, Lamu, Manda, Pate, kisha ndani ya Ziwa Victoria Ukerewe, Ukara, Rubondo, Kome. Mwandishi wa makala haya angechagua visiwa bila kusita, kwa kuwa ni vingi, ni vifupi, havigongani na maneno ya kila siku, na mtoto akiuliza Rubondo ni wapi, kuna jambo la kumwonyesha kwenye ramani.

Milima inafaa kwa nyumba yenye mashine chache. Kilimanjaro ni jina refu la kuandika mara kwa mara, lakini mlima una vilele vitatu vyenye majina mafupi: Kibo chenye mita 5895, Mawenzi na Shira. Mlima Kenya una Batian, Nelion na Lenana, na majina hayo yenyewe yalitolewa kwa mpango: Halford Mackinder alipoupanda mwaka 1899 aliviita vilele hivyo kwa majina ya malaiboni wa Kimaasai. Anayeyatumia leo kwenye seva zake anaendeleza orodha iliyoanzishwa zamani, na ni vyema ajue ni majina ya nani.

Bara la Afrika lina mfano mkubwa zaidi wa mada iliyofikiriwa. Kituo cha Afrika Kusini cha kompyuta zenye uwezo mkubwa, CHPC cha Cape Town, kiliita mtambo wake wa mwaka 2007 iQudu, kwa Kixhosa, jina la tandala. Mtambo uliofuata ukaitwa Tsessebe, swala mkubwa wa jamii ya nyamera anayesifika kwa mbio. Mwaka 2016 ukazinduliwa Lengau, jina la duma kwa Kitswana, wenye uwezo wa takriban petaflop 1, yaani hesabu trilioni 1000 kwa sekunde. Ukiyapanga majina hayo matatu unaona kasi ikipanda mnyama hadi mnyama, na unaona lugha za nchi zikipata nafasi katika orodha za dunia za mitambo mikubwa. Hakuna aliyehitaji kwenda kuazima Zeus.

Hata hivyo, katika vituo vikubwa vya kompyuta dunia imekuwa ikiachana na majina. Mnamo mwaka 2012 ulienea miongoni mwa mafundi mfano uliotoka kwa Bill Baker wa Microsoft na kutangazwa na Randy Bias: kuna seva za kufugwa kama paka wa nyumbani, zenye jina, zinazouguzwa zikiugua, na kuna seva za kufugwa kama ng'ombe wa kundi, zenye namba, ambazo moja ikiugua inaondolewa na nyingine inawekwa mahali pake. Hoja ya kiufundi ni ya kweli. Anayeendesha seva 5000 hawezi kuiita kila moja kwa jina, na mfumo wake unapaswa kusimama hata 10 zikianguka usiku mmoja.

Mfano wenyewe, lakini, ulitoka katika nchi ya ranchi kubwa, na ukifika Maziwa Makuu unavunjika. Rwanda ina utanzu mzima wa mashairi, amazina y'inka, uliotungwa kuwasifu ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu, kila ng'ombe kwa sifa zake. Bahima wa Ankole huwaita ng'ombe wao kwa rangi na mabaka. Bihogo ni wa rangi ya hudhurungi iliyoiva. Miongoni mwa Wanuer wa Sudan Kusini, kama mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alivyoandika katika kitabu chake cha mwaka 1940, kijana huchukua jina kutokana na maksai wake ampendaye. Kwa wafugaji hawa wingi wa kundi haukufuta jina. Mchungaji wa ng'ombe 60 anajua jioni yupi hajarudi, na anajua kwa sababu kila mmoja ana jina linaloeleza alivyo. Ujuzi huo ndio msimamizi wa mashine anauhitaji: kutambua mara moja kilichopotea.

Wikipedia imepita njia yote hiyo. Seva zake za mwanzo zilipewa majina ya waandishi wa ensaiklopidia na ya vitabu vyenyewe: pliny, larousse, zwinger, suda. Baadaye, katika kituo cha Ashburn, Virginia, seva za kazi mbalimbali zikaitwa kwa elementi za kikemia, na katika kituo cha Texas zikaitwa kwa nyota. Sambamba na hizo zikaja seva za makundi zenye kifupi cha kazi na namba, ambapo tarakimu ya kwanza inataja kituo: db1001 na kuendelea kwa Ashburn, db2001 na kuendelea kwa Texas. Kidogo kidogo namba zikashinda. Anayesoma Wikipedia ya Kiswahili leo, ambayo ilianza mwaka 2003, anahudumiwa na mashine ambazo nyingi zinajulikana kwa tarakimu.

Namba ina gharama yake, na tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandaaji wa programu, iliilipa. Ilikuwa na seva mbili za hifadhidata, db1 iliyokuwa kuu na db2 iliyokuwa nakala. Nakala ilikuwa na hitilafu. Mhandisi, baada ya saa nyingi za kazi na usiku umeingia, aliamua kufuta data iliyoharibika ndani ya db2 ili ianze upya. Amri aliiandika ndani ya db1. Alipogundua na kuisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5 tu. Nakala za akiba nazo zilikutwa hazifanyi kazi ipasavyo, na kazi ya watumiaji ya takriban saa sita ikapotea kabisa. Kampuni ilieleza yote hadharani, jambo linalostahili heshima, na kati ya marekebisho yake ni kufanya jina la mashine lionekane wazi zaidi pale amri inapoandikwa. Chanzo hakikuwa jina peke yake. Lakini majina mawili yanayotofautiana kwa tarakimu moja ya mwisho hayampi macho aliyechoka kitu cha kushika. Mtu aliyekusudia kuingia Pemba na akaona Ukerewe mbele ya kishale chake ana nafasi ya kusita.

Kwa nyumba na ofisi ndogo, basi, hukumu iko wazi: majina, si namba. Hakuna seva 5000 sebuleni.

Lipo suala la siri ambalo Libes mwaka 1990 hakuwa na sababu ya kulitilia maanani. Simu na kompyuta hutangaza majina yao zinapoomba kuingia kwenye mtandao. Anayeketi katika mkahawa au kwenye basi na kufungua orodha ya mitandao ya waifai iliyo karibu hukuta simu ya fulani na kompyuta ya fulani zinazogawa intaneti, jina kamili, pengine na idara anayofanyia kazi. Machi 2017 ilitolewa RFC 8117, inayoeleza kuwa desturi hii ina madhara: jina linalomtaja mwenye kifaa humwezesha mgeni kumfuatilia kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Vivyo hivyo, seva iitwayo mishahara inamrahisishia mwizi kazi ya kuchagua. Na anayechukua cheti cha usalama kwa ajili ya seva yake, hata kile cha bure, ajue kwamba jina lililomo ndani ya cheti huandikwa katika daftari la wazi ambalo yeyote duniani anaweza kulisoma, wala halifutiki. Kisiwa hakimtaji mtu.

Hata hivyo kazi ya mashine inahitaji kujulikana, na hapa suluhisho ni la zamani kama wavuti wenyewe. Seva ya kwanza ya wavuti, kompyuta ya NeXT ya Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, huko CERN, iliitwa nxoc01.cern.ch, jina la ofisini lisilovutia yeyote. Juu yake likawekwa jina la pili, info.cern.ch, lililotaja huduma. Mashine ile imestaafu na kuwekwa kwenye maonyesho, lakini info.cern.ch bado inafunguka hadi leo, kwa sababu jina la huduma lilihamishwa kwenda mashine nyingine bila msomaji kujua. Nyumbani inawezekana kufanya vivyo hivyo ndani ya ruta au seva ndogo ya DNS: Pemba ni mashine, na picha ni jina la huduma linaloelekezwa Pemba kwa sasa. Pemba ikifa, picha inaelekezwa Tumbatu, na simu za familia hazibadilishi kitu. Kwa kiambishi cha mwisho, watu wengi walizoea .local, lakini tangu 2013 hiyo imetengewa utaratibu maalumu wa vifaa kutafutana vyenyewe. Iliyowekwa rasmi kwa mitandao ya nyumbani ni home.arpa, tangu 2018, na mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, ikatenga pia .internal kwa mitandao ya ndani.

Kwenye kasha la NeXT ile Berners-Lee alibandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu, akiwaomba watu wasiizime kwa kuwa ni seva. Ofisi ile ilikuwa na wasomi watupu, na bado karatasi ilihitajika. Msomaji mwenye seva nyumbani na achague mada yenye majina mara mbili ya mashine alizonazo, ayatamke kwa sauti mbele ya watu wawili aone wanayaandikaje, kisha akate kipande cha plasta, aandike jina kwa kalamu ya wino mzito, na akibandike mbele ya mashine, upande unaoonekana. Orodha nzima, majina na namba zake, iwekwe kwenye karatasi ndani ya mlango wa kabati, na wa nyumbani waonyeshwe ilipo.